Jani la Chai na Mishipa ya Damu ya Mapafu

Miongoni mwa mimea ya biashara iliyoletwa katika milima ya Usambara kutoka nchi za mbali, mchai ni mmojawapo wa ile iliyokubaliwa na ardhi hiyo bila ubishi. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha huko Amani, katika Usambara ya Mashariki, kituo cha uchunguzi wa mimea na kilimo, na mwanzoni mwa karne hiyo ya 20 mchai ulikuwa kati ya miche iliyojaribiwa humo. Baadaye zao hilo lilienea hadi Usambara ya Magharibi. Katika wilaya ya Lushoto, mchumaji wa Bumbuli au wa Mponde huingia shambani ukungu ungali haujaondoka, akachuma majani mawili pamoja na chipukizi lake na kuyatupa kapuni. Kwake yeye thamani ya jani ni bei ya kilo moja. Mwanakemia hulitazama jani hilohilo kwa macho mengine, kwa sababu ndani yake mna vitu ambavyo vikiingia mwilini hubadili mwendo wa damu na wa pumzi. Kimoja kati ya vitu hivyo huitwa theofilini, nacho ndicho kitakachoelezwa katika makala haya.

Fikira ya kutafuta dawa katika mti si ngeni milimani humo. Huko Amani ulipandwa pia mti wa kwinini, na katika vita vya 1914 hadi 1918 magamba yake yalitumika kutengenezea dawa ya malaria kwa ajili ya majeshi ya Wajerumani yaliyokuwa yamekatiwa njia ya bahari. Lakini kwinini ilijulikana kuwa dawa kabla ya mti wake kufika Amani, ambapo chai ilinywewa kama kinywaji kwa karne nyingi kabla mtu yeyote hajashuku kwamba ndani yake mna dawa ya mapafu.

Dalili ya kwanza haikutoka kwenye chai bali kwenye ndugu yake wa mezani. Mwaka 1860 daktari Mwingereza aitwaye Henry Hyde Salter, ambaye yeye mwenyewe aliugua pumu, alitoa kitabu juu ya ugonjwa huo, na humo alisifu kahawa nzito kuwa mojawapo ya tiba zilizo bora kuliko nyingi za wakati wake. Hakuwa na njia ya kueleza kwa nini kahawa imsaidie mtu aliyebanwa na pumu. Hata leo, katika usiku wa baridi wa mwezi wa Julai milimani, si ajabu kuona mgonjwa wa pumu akipewa kikombe cha chai ya rangi iliyokolea, na mwenye kumpa akiamini kwamba itamfungua kifua. Je, ipo kweli ndani ya imani hiyo? Ipo, lakini ni ndogo, na upungufu wake unaweza kugharimu uhai wa mtu. Ili kuipima sawasawa, yafaa kwanza kuangalia namna mapafu yalivyojengwa.

Mapafu ni mahali ambapo mitandao miwili ya mirija hukutana. Mtandao wa kwanza ni wa hewa: koo la hewa hugawanyika mara mbili, kisha kila tawi hugawanyika tena na tena, hata kuishia katika vifuko vidogo vya hewa ambavyo hesabu yake kwa mtu mzima hufikia milioni 300 au zaidi. Mtandao wa pili ni wa damu: ateri ya mapafu hutoka katika ventrikali ya kulia ya moyo, nayo hugawanyika vivyo hivyo hadi kuwa kapilari nyembamba mno zilizouzunguka kila kifuko kama wavu. Hapo oksijeni huingia katika damu na hewa ya ukaa hutoka. Damu yote ambayo moyo huisukuma, yaani yapata lita 5 kila dakika mtu akiwa ametulia, hapana budi ipite katika njia hiyo moja. Hakuna kiungo kingine mwilini chenye mzigo wa namna hii.

La kustaajabisha ni kwamba mzigo huo huchukuliwa kwa nguvu kidogo sana. Katika ateri kubwa za mwili shinikizo la damu kwa wastani ni karibu milimita 90 za zebaki. Katika ateri ya mapafu ni karibu 15 tu. Ventrikali ya kulia, kwa kuwa imezoea kazi nyepesi, ina ukuta mwembamba. Ikilazimishwa kusukuma damu dhidi ya shinikizo kubwa kwa miezi au miaka, huvimba, kisha huchoka. Miguu ya mgonjwa hujaa maji, ini hukua, na kupanda kilima alichokuwa akikipanda bila kufikiri huwa kazi isiyowezekana.

Ni nini basi kinachoamua ukubwa wa shinikizo hilo? Katika kuta za ateri ndogo mna misuli laini iliyozunguka mshipa kama pete. Misuli hii haitii amri ya mtu kama ile ya mkono. Hufanya kazi usiku na mchana bila mwenyewe kujua, nayo haiachii kabisa wala haibani kabisa. Hali hii ya kushika kiasi ndiyo iitwayo mkazo wa mshipa. Mkazo ukizidi, tundu la mshipa hupungua. Mkazo ukilegea, tundu hutanuka. Badiliko dogo la tundu huleta badiliko kubwa la mwendo wa damu. Jambo hili lilipimwa na Mfaransa Poiseuille katika karne ya 19, aliyeonyesha kwamba mtiririko wa kimiminiko katika mrija mwembamba hufuata nusukipenyo chake kikizidishwa chenyewe kwa chenyewe mara nne. Nusukipenyo kikipungua kwa moja ya tano tu, yaani kikawa 0.8 ya kilivyokuwa, mtiririko huwa 0.8 × 0.8 × 0.8 × 0.8, ambayo ni kama 0.41. Zaidi ya nusu ya mtiririko imepotea, na mshipa wenyewe ukitazamwa kwa jicho huonekana kama haukubadilika.

Mwalimu wa fizikia anaweza kulionyesha jambo hili kwa mirija miwili ya kioo yenye urefu sawa, mmoja ukiwa na kipenyo mara mbili ya mwingine, ikiunganishwa kwa zamu na ndoo ya maji iliyowekwa katika kimo kilekile. Kwa nadharia mrija mpana ungepitisha maji mara 16 ya ule mwembamba. Darasani tofauti kwa kawaida hutokea kuwa ndogo kuliko hiyo, kwa sababu maji katika mrija mpana hayatiririki kwa utulivu bali huvurugika. Na wanafunzi wakiulizwa waeleze upungufu huo watajifunza mengi kuliko kama jaribio lingetoa jibu kamili. Damu nayo si maji, wala mshipa si kioo, lakini kanuni yatosha kuonyesha kwa nini madaktari hujali sana mkazo wa mishipa.

Hadi hapa mapafu yameelezwa kana kwamba mishipa yake ni sawa na mishipa mingine yote. Sivyo. Katika mguu, au katika ubongo, oksijeni ikipungua mishipa hutanuka ili damu nyingi zaidi ifike mahali palipopungukiwa. Katika mapafu hutokea kinyume chake kabisa: oksijeni ikipungua katika sehemu fulani ya pafu, mishipa ya sehemu hiyo hubana. Tabia hii ilielezwa wazi mwaka 1946 na wachunguzi wawili wa Stockholm, Ulf von Euler na Göran Liljestrand, walipowapa paka hewa yenye oksijeni kidogo na kuona shinikizo katika ateri ya mapafu likipanda.

Kwa nini mapafu yawe na ukaidi wa namna hii? Mkulima wa mboga katika mabonde ya Lushoto angeweza kulijibu swali hili bila kusoma biolojia. Anapoelekeza maji ya mfereji katika bustani yake ya kabichi na karoti, haachi maji yaende kila mahali. Tuta lisilo na miche hulizibia kwa jembe na udongo, ili maji yasipotee bure, na yote yaende kwenye matuta yenye miche. Mapafu hufanya vivyo hivyo. Damu inayopita kando ya vifuko visivyo na hewa, kwa mfano vilivyozibwa na makohozi, hutoka kama ilivyoingia, haina oksijeni. Ikirudi moyoni huchanganyika na damu njema na kuipunguzia ubora. Kwa hiyo mshipa hubana mahali hapo, na damu huelekezwa kule hewa iliko. Mfereji uliozibwa ni akili ya mapafu, wala si ugonjwa.

Tabia hii huanza kabla ya kuzaliwa. Mapafu ya mtoto aliye tumboni mwa mama hayana hewa, na mishipa yake imebana kiasi kwamba ni sehemu ndogo tu ya damu ya moyo inayopita humo. Mtoto anapovuta pumzi ya kwanza, oksijeni huingia, mishipa hulegea, na katika muda mfupi njia nzima hufunguka.

Huenda mwanafunzi wa Lushoto akauliza kama yeye, anayeishi juu ya mlima, ana mishipa iliyobana mapafuni. Mji wa Lushoto uko yapata mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa hapo ni karibu milimita 640 za zebaki, badala ya 760 za Tanga mjini, na kwa kuwa oksijeni ni asilimia 21 ya hewa, sehemu yake ya kanieneo hiyo ni karibu 135, badala ya 160. Upungufu huo ni mdogo mno kuiamsha misuli ya mishipa kwa kiasi cha kudhuru, na hata vilele vya Usambara vinavyozidi mita 2,200 havidhuru mtu mwenye afya. Lakini apandaye Kilimanjaro hadi mita 5,895 hufika mahali ambapo hewa ina karibu nusu tu ya kanieneo ya pwani. Huko mapafu yote huona upungufu kwa wakati mmoja, kama mkulima anayeziba matuta yote pamoja. Shinikizo hupanda, na kwa baadhi ya watu maji huvuja kutoka kapilari na kujaa katika vifuko vya hewa. Mtu huyo hana budi kuteremshwa mara moja.

Baada ya kuyajua hayo, sasa jani la chai linaweza kurudishwa mezani. Mwaka 1888 mwanakemia Mjerumani Albrecht Kossel, ambaye baadaye, mwaka 1910, alipata tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kemia ya seli, alitenga kutoka katika majani ya chai kitu ambacho hakikuwa kimejulikana. Jina lake limeundwa kutokana na jina la kisayansi la mchai katika siku hizo, Thea, na neno la Kigiriki lenye maana ya jani. Theofilini ni ndugu wa kafeini iliyomo katika chai na kahawa, na wa theobromini iliyomo katika kakao. Wote watatu wana kiini kimoja kiitwacho zanthini. Tofauti yao ni vikundi vya methili vilivyoshikamana nacho. Kafeini ina vikundi vitatu, theofilini na theobromini vina viwili kila kimoja, ila vimekaa mahali tofauti. Mwanafunzi wa kemia atafurahi kuona kwamba theofilini na theobromini zina fomula moja, C7H8N4O2, na hali mwilini nguvu zake si sawa.

Mchai haukuumba vitu hivi kwa ajili ya binadamu. Kafeini hasa huudhi na kudhuru wadudu watafunao majani machanga, na hapana shaka ndiyo sababu mojawapo ya kuwa nyingi katika chipukizi, palepale mchumaji anapopeleka vidole vyake.

Kwa kuwa theofilini katika jani ni kidogo mno, isingalifika hospitali kama ingalitegemea mashamba. Mwaka 1900 Wilhelm Traube wa Ujerumani alipata njia ya kuitengeneza katika maabara, na tangu hapo vidonge havikuhitaji chai. Kwanza ilitumiwa kuongeza mkojo kwa wagonjwa waliojaa maji. Mwaka 1921 Macht na Ting, waliokuwa Marekani, walionyesha kwamba vipande vya mirija ya hewa ya nguruwe hulegea vikiwekwa dawa hiyo, na mwaka 1922 Samson Hirsch wa Frankfurt aliwapa wagonjwa wa pumu, nao wakapata nafuu. Aina yake iyeyukayo vizuri zaidi katika maji, iitwayo aminofilini, ikawa kwa miaka mingi sindano inayojulikana na kila muuguzi katika hospitali za mikoa na wilaya.

Namna kitu hiki kinavyolegeza msuli haikueleweka hadi kemia ya seli ilipoendelea. Homoni kama adrenalini haiingii ndani ya seli ya msuli. Hubisha hodi mlangoni tu. Ndani huundwa mjumbe mdogo aitwaye AMP-duara, ambaye hubeba habari na kuiamuru seli iachie. Kiasi cha kalsiamu huru katika seli hupungua, protini za aktini na maiosini huacha kuvutana, na msuli hulegea. Earl Sutherland wa Marekani, aliyemgundua mjumbe huyu, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1971. Lakini seli haiwezi kumwacha mjumbe akae milele. Kuna vimeng'enya viitwavyo fosfodiesterasi ambavyo kazi yake ni kumwangamiza, mithili ya mwanafunzi wa zamu anayefuta ubao mara somo linapokwisha. Theofilini humzuia mfuta ubao. Maandishi hubaki muda mrefu zaidi, na amri ya kulegea huendelea kusomwa.

Theofilini ina kazi nyingine pia. Huziba vipokezi vya adenosini, kitu ambacho hutuliza moyo na ubongo. Hapo ndipo zilipo asili za mapigo ya moyo ya haraka, kukosa usingizi, na katika sumu kali, degedege.

Mishipa ya mapafu ya binadamu imechunguzwa kwa njia iliyo rahisi kuieleza. Mgonjwa anapofanyiwa upasuaji na sehemu ya pafu lake kuondolewa, mara nyingi kwa sababu ya saratani, kipande cha ateri kutoka upande usio na ugonjwa kinaweza kutunzwa kwa idhini. Hukatwa kuwa pete ndogo, pete huangikwa kati ya kulabu mbili nyembamba ndani ya maji ya chumvi yenye joto la mwili na oksijeni, na kulabu moja huunganishwa na kipimo cha mvuto. Kwanza pete hukazwa kwa homoni, kisha theofilini huongezwa kidogo kidogo. Mstari wa kipimo huanza kushuka, pete inalegea. Hata hivyo kuilegeza kabisa huhitaji dawa nyingi kuliko ile ambayo damu ya mgonjwa inaweza kuibeba bila madhara. Jambo hili laonyesha mpaka wa dawa yenyewe: mwilini hulegeza mkazo kwa kiasi, haiufuti.

Mara theofilini inapoingia katika damu, haichagui. Hulegeza misuli ya mirija ya hewa na misuli ya mishipa ya damu kwa pamoja. Kwa mtu ambaye mapafu yake yameharibika kwa miaka mingi ya tumbaku, au ya moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha kama inavyowapata wanawake wengi wa vijijini, mishipa imekuwa ikibana sehemu nyingi kwa wakati mmoja, na ventrikali ya kulia imelemewa. Kwa wagonjwa wa namna hiyo aminofilini imeonekana kupunguza shinikizo katika ateri ya mapafu na kuupunguzia moyo mzigo kwa muda. Hapo kulegea kwa mishipa ni faida.

Lakini mgonjwa aliyeshikwa na pumu kali ana mapafu yenye sehemu zilizozibwa na sehemu zilizo wazi. Mishipa yake imebana kwa hekima, ikiinyima damu ile sehemu isiyo na hewa. Theofilini ikija na kuifungua mifereji yote, damu hurudi kwenye matuta matupu. Mirija ya hewa nayo inafunguka, ila si lazima ifunguke kwa kasi ileile. Hivyo yaweza kutokea, na imeonekana kwa vipimo vya damu, kwamba dakika chache baada ya sindano mgonjwa anasema anapumua kwa wepesi zaidi, uso wake umetulia, na oksijeni katika damu yake imeshuka kuliko ilivyokuwa. Kushuka huko aghalabu ni kwa kiasi na kwa muda, na mwenye mapafu yenye akiba hatadhurika. Aliye ukingoni hana akiba hiyo. Ndiyo sababu madaktari waliosomeshwa vizuri hawakuamini uso wa mgonjwa peke yake, bali walimpa oksijeni kabla ya sindano au pamoja nayo. Na sindano yenyewe hutolewa polepole, kwa dakika 20 au zaidi, kwa maana ikisukumwa kwa haraka yaweza kuvuruga mapigo ya moyo au kuusimamisha kabisa.

Kipimo cha dawa hii ni chembamba. Katika damu, nafuu hupatikana kati ya miligramu 5 na 20 kwa lita. Juu ya hapo kichefuchefu, kutapika na moyo kwenda mbio huanza, na zikizidi sana huja degedege. Ini ndilo linaloivunja, na maini hayalingani. Mtoto huivunja haraka kuliko mzee. Mvuta sigara huivunja haraka kuliko asiyevuta. Mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza rifampisini huiondoa upesi hata kipimo cha kawaida kisimtoshe, na anayemeza erithromaisini au siprofloksasini huiondoa polepole hata kipimo kilekile kikawa sumu. Kutokana na hayo yote, dawa za kuvuta kwa pumzi, salbutamoli pamoja na steroidi, zimechukua nafasi yake ya mbele katika tiba ya pumu. Matumaini kwamba kiasi kidogo cha theofilini kingezipa nguvu steroidi kwa wenye ugonjwa sugu wa kuziba mirija ya hewa nayo yalijaribiwa huko Uingereza kwa wagonjwa zaidi ya 1,500. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 hayakuonyesha faida.

Na kikombe cha chai? Hesabu yake ni fupi, na mwalimu anaweza kuifanyisha darasani. Kikombe kimoja cha chai kina theofilini ipatayo miligramu moja, pengine pungufu, na kafeini ipatayo 40. Mtu mzima atumiaye vidonge vya theofilini humeza mathalani miligramu 400 kwa siku. Ili azipate kutoka kwenye chai angehitaji kunywa vikombe 400, ambavyo vingemletea pia miligramu 16,000 za kafeini. Gramu 10 za kafeini zahesabiwa kuwa zaweza kumwua mtu mzima. Angekufa kwa kafeini kabla hajafika kwenye kipimo cha theofilini, licha ya maji.

Hata hivyo Salter hakukosea. Kafeini yenyewe, kwa kuwa ni ndugu, hufungua mirija ya hewa kidogo, na nafuu hiyo yaweza kudumu hadi saa nne. Kwa hiyo mtu anayekwenda kupimwa nguvu ya mapafu huambiwa asinywe chai wala kahawa saa kadhaa kabla. Ini hubadili sehemu ndogo ya kafeini, kama asilimia 4, kuwa theofilini. Kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati mambo hugeuka, theofilini ikawa kafeini, na zote mbili zimetumika kuwakumbusha watoto hao kupumua. Lakini ufunguaji wa kikombe ni mdogo, na mgonjwa wa pumu ambaye hawezi kumaliza sentensi moja bila kutweta, au ambaye midomo yake imeanza kubadilika rangi, kila dakika anayongojea chai ichemke ni dakika ya safari ya hospitali inayopotea. Barabara za Usambara ni ndefu kuliko zinavyoonekana kwenye ramani.

Wazo la kumzuia mfuta ubao halikuachwa. Fosfodiesterasi ziko za namna nyingi, na theofilini huzigusa karibu zote, kila mahali mwilini. Ndiyo asili ya fujo yake. Namna ya tano hupatikana kwa wingi katika mishipa ya mapafu, ambamo humwangamiza mjumbe mwingine, GMP-duara. Sildenafili, dawa iliyotengenezwa maabara bila mmea wowote, huizuia hasa hiyo, na tangu mwaka 2005 imekubaliwa kwa matibabu ya shinikizo kubwa la damu mapafuni.

Bado ilibaki shida ya mifereji. Dawa yoyote ipitayo tumboni au katika sindano huletwa na damu, na damu hufika katika matuta yote, yenye miche na yasiyo na miche. Njia ya kuikwepa shida hiyo ilionyeshwa mwaka 1991, wachunguzi walipotoa taarifa za kuwavutisha wagonjwa na wanyama gesi ya naitriki oksaidi kwa kiasi kidogo sana, sehemu chache katika milioni za hewa. Gesi hulegeza mishipa. Lakini kwa kuwa imeingia kwa pumzi, haiwezi kufika katika kifuko kilichozibwa. Hufika tu pale hewa inapofika, na mishipa inayofunguka ni ile iliyo kando ya vifuko vilivyo hai. Baada ya hapo hemoglobini huinasa mara moja, isiende mbali katika mwili. Mwaka 1999 ilikubaliwa huko Marekani kwa matibabu ya watoto wachanga ambao mishipa yao ya mapafu, baada ya pumzi ya kwanza, ilikataa kufunguka.